Mahindi Yenye Ilingoja Usiku

Mama zangu na ndugu zangu, amani ikae na sisi. Munaniona nimesimama mbele leo, mimi wa kukaaka nyuma karibu na mulango. Munivumilie.

Nilitoka kambini na mbegu ya mahindi ya mama yangu, nimeishona ndani ya kitenge. Musiniulize vile ilipita airport. Ni mahindi ya kwetu milimani, nyeupe. Mama alibaki kambini, akafia kule akingoja safari. Donc ile mbegu njo mama yenye nilibaki nayo.

Nilifika Louisville, huku Amerika, peke yangu, mwezi wa tisa. Kwetu mwezi wa tisa mvua inarudi, watu wanapanda. Na mimi nikapanda, nyuma ya apatimenti. Ikachipuka muzuri! Kisha asubuhi moja nikakuta majani imeungua na baridi, imelala chini. Nililia sana. Hakukuwa hata mutu wa kuambia.

Nikahamia Columbus, kazi ya warehouse, nikapata chumba kule Gahanna. Mara hii nikapanda mwezi wa tano, kama wazungu. Bon, mahindi ya jirani ilikuwa fupi, na mwezi wa nane walikuwa wanakula. Yangu ilipanda tu, ikapita dirisha, majani matupu, hata ndevu hapana. Nilikuwa naisemesha: "Mahindi ya mama, unataka nini?" Ndege zinapita juu, na sisi wawili tuko pale. Baridi ikaikuta ingali inapanda. Nikabaki na konzi moja ya mbegu, nikasema mama anaenda kunifia mara ya pili.

Ndugu zangu, nawaambia, upweke unaweza kukukausha mudomo. Niliweza kumaliza juma nzima bila kusema Kiswahili.

Hapa Buffalo nikapata kazi ya kuchunga muzee mmoja kule Kenmore. Zamani alikuwa mulimaji. Siku moja nikamueleza. Akaniuliza: "Kwenu jua inazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mwaka wote."

"Hapa wakati wa joto inazama karibu saa tatu ya usiku. Mahindi yako imezoea usiku mrefu, bila ule haitoi maua. Ikiwa ndogo, ifunike na ndoo saa kumi na mbili jioni, asubuhi uifunue."

Lakini saa ile mimi niko Kenmore, napika supu yake, na shamba iko hapa East Side. Ilibidi niombe mutu. Kuomba ilinishinda kuliko baridi! Siku ya Mungu nikabaki pale mulangoni mwa hii kanisa yetu, sitoki, siingii. Mama mumoja, amekaa hapa, akaniuliza: "Dada, unangoja basi?" Nikamuambia yote. Akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. "Tufunike mahindi kama kuku?"

Jioni ile alikuja na ndoo yake. Kesho akaleta wengine. Asubuhi nikienda kufunua, nakuta mwenzangu amenitangulia. Tukawa tunabaki pale tunaongea. Wakaniuliza jina la mama yangu, nikalitamka kwa sauti, mara ya kwanza katika Amerika.

Mahindi ikatoa ndevu. Tukavuna mbele baridi ifike, vichwa vidogo, ingine bila meno. Muzee alionja ya kuchoma, akasema ni ngumu kama mawe, akamaliza yote.

Namushukuru yule muzee, na ninyi mama wa ndoo, Mungu awafunike vile mulifunika mali yangu. Mbegu haikuwa mbaya, na mimi sikuwa mbaya. Tulikosa kitu chenye kwetu tulikuwa tunapata bila kuomba. Hapa mutu anaomba. Wewe wa kule nyuma, karibu na mulango, omba.

Bon, njo hii kitenge. Kila mama ashike mbegu kidogo, mama yangu asikae tena kwa mutu mumoja. Na siku yangu ya kupumzika, jioni, mutaniona nakuja kwenu na ndoo.