Historia ya Marehemu Nissim Hasson, na Sala Aliyomwachia Bijou

Ndugu, jirani na marafiki, marehemu Nissim Hasson alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mtoto wa mwisho wa Wayahudi waliouza vitambaa, na Kiswahili alikijua kabla ya Kifaransa. Alisoma hapo hapo, akamaliza sekondari mwaka 1979, akashika duka la baba yake, na duka lilipoporwa mwaka 1991 alikuja London, akauza vitenge sokoni Walthamstow hadi miguu ilipomkatalia.

Tarehe 11 Juni 2004 alifunga ndoa na Marie-Claire Nabintu, Mkatoliki wa Bukavu, kila mmoja akabaki na dini yake, wakajaliwa mtoto mmoja, Bijou, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2009, akalelewa katika dini ya baba.

Januari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya kongosho. Nissim hakuogopa kufa kama alivyoogopa kukosa Kadishi, sala ambayo mtoto wa Kiyahudi humsomea mzazi aliyefariki, akisimama kati ya watu wasiopungua kumi, sala ya kumsifu Mungu, isiyotaja kifo hata mara moja. Alitaka kumfundisha Bijou akiwa kitandani, lakini Bijou, asiyeogopa mtihani wowote, aliziba masikio, akasema, "Papa, nikiijua utakufa." Baba akamjibu, "Basi na hesabu acha, mwanangu, labda bili nazo hazitakuja." Mama yake alikaripia, akabembeleza, lakini herufi zenyewe za Kiebrania hazijui, angemsaidia nini? Bijou hakujifunza, na baba yake alifariki hata hivyo, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, mchana, akiwa amemshika Bijou mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa sokoni waliofunga meza zao leo.

Sasa Bijou atasoma Kadishi, kwenye karatasi, Rabi akiwa karibu naye. Huenda akakwama. Mama yake anaomba mtu asimharakishe, wala asimkimbilie kumkumbatia kabla hajamaliza, maana yeye mwenyewe hana la kumfanyia ila kusimama hapa. Mkimsikia Rabi akisema Amina, itikieni kwa sauti.

Nissim, lala salama, mtoto wako anajaribu.