Dada Yetu, Sista Endiketa wa Klabu ya Magari

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi saa na mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, akapata cheti cha uuguzi mwaka 1993.

Kwa miaka thelathini na moja alihudumu katika wodi ya wanaume. Wagonjwa wakaidi walimeza dawa zao akiwa bado mlangoni. Tarehe 12 Agosti 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2018, mabinti wakiwa wameshahama, alijiunga na klabu ya magari, ambayo kila mwezi hukodi uwanja wa mbio ili watu wa kawaida wakimbize magari yao wenyewe. Siku ya kwanza aliwasha endiketa kwenye kila kona. Watu walivunjika mbavu, na jina la Sista Endiketa likamganda. Mumewe alinuna: “Mama mzima, unatafuta nini huko?”

“Dakika ishirini ambazo hakuna anayeniita,” alimjibu.

Klabuni ndiye aliyempima presha kila dereva kabla ya kuingia uwanjani, na wengi aliwarudisha nyumbani. Kadi yake ya vipimo aliijaza mwenyewe. Nani angethubutu kumuuliza? Mganga hajigangi.

Tarehe 31 Mei mwaka huu alianguka jikoni kwa mdogo wake, huyu anayewasomea. Alipozinduka alisema, “Ni moyo. Nimejua tangu Januari. Tafadhali, usimwambie shemeji yako, atanifichia ufunguo.” Mdogo mtu akanyamaza. Alimpenda mno dada yake, tena alimwogopa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa uwanjani, moyo wake ulisimama. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi nyumbani: kwamba mwendo ndio uliomuua, kwamba watu wa klabu walimpotosha, kwamba wasikanyage hapa. Gari halina hata mkwaruzo. Alipojisikia vibaya alipunguza mwendo, akaegesha nyasini, akazima injini mwenyewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake, na wanaklabu ishirini na watatu waliosimama kule nyuma ukutani tangu asubuhi. Hawakujua lolote. Aliyejua ni huyu anayesoma, na shemeji yake analisikia hili sasa kwa mara ya kwanza.

Tunaomba wale wageni wapewe viti. Dada apumzike kwa amani, maana sisi bado hatujaipata.