Miaka Thelathini na Moja ya Kuchota Maji: Tunamuaga Bi Chupa

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya utumishi, fundi mkuu wa maabara ya maji ya bahari atakabidhi funguo na kurudi nyumbani. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nimechana karatasi tatu. Hii ya nne mtaipokea kama ilivyo.

Hapa kituoni hakuna anayemwita kwa jina la kwenye faili. Amekuwa Bi Chupa tangu wiki yake ya kwanza, alipomfuata dereva wetu mpaka nyumbani kumnyang'anya chupa ya sampuli aliyotilia mafuta ya taa. Chupa aliipata. Dereva hakuazima kitu maabara tena mpaka alipohamishwa.

Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Kaboni iliyoyeyuka baharini ipo nyepesi na ipo nzito. Wataalamu huziita isotopu. Mchana, vimea visivyoonekana kwa macho huchagua ile nyepesi kwa chakula chao, hivyo maji ya juu hubaki na nzito zaidi. Jua likizama, viumbe huendelea kupumua na nyepesi hurudi. Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini asichote mara moja kwa mwezi kama vituo vingine, apumzishe mgongo. Alimjibu kwamba mgonjwa wa homa ukimpima asubuhi tu utamwandikia kuwa amepona.

Basi alichota mara tano kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, kila baada ya saa tatu. Kila chupa ilitiwa papo hapo matone mawili ya sumu ya zebaki, kuua kila chenye uhai ndani yake, maana kikibaki hai kitaendelea kula na kupumua humo, na maji hayatasema tena ukweli wa saa yalipochotwa. Matone hayo aliyahesabu kwa sauti, hata akiwa peke yake. Na kila boksi jipya la mirija ya kudondoshea halikutumika kabla hajadondosha matone kumi juu ya mizani na kuandika uzito wake ukutani.

Shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, husema alioa mke akapewa na ratiba. Siku binti yao alipoolewa, Bi Chupa alitoweka katikati ya hotuba ya bwana harusi. Alirudi pindo la gauni likiwa limelowa, akakaa na kupiga makofi pale palipostahili.

Katika mwaka wake wa kumi na moja alionyesha kwamba mabadiliko ya siku moja tu katika maji yetu yanaweza kuzidi yale ambayo wengine waliyaita ya miaka kumi. Barua za pongezi zilikuja kutoka mbali. Mkurugenzi wa wakati huo aliziwekea fremu na kuzitundika ofisini kwake mwenyewe.

Sasa nifike pale karatasi tatu zilipochanika.

Zaidi ya miaka miwili iliyopita mashine ya kupimia iliharibika, tukawa tunasubiri kipuri. Yeye aliendelea kuchota. Chupa elfu tatu na mia sita zikajaa stoo, na mtunza stoo ni mimi. Mashine ilipopona mwezi Februari, alipima za mwanzo akakuta alfajiri na adhuhuri zinasoma sawasawa, zote zimeegemea kwenye nyepesi. Aliilaumu mashine kwa wiki mbili. Kisha akachukua mrija wake, akadondosha matone kumi kwenye mizani, akavuta kigoda na kukaa. Yalikuwa na uzito chini ya nusu ya yale yaliyoandikwa ukutani. Viumbe walikuwa wameishi ndani ya chupa, gizani, kila chupa kwa muda wake, na hakuna hesabu ya kusahihisha hilo.

Mkurugenzi alipendekeza iandikwe kwamba matokeo bado yanachakatwa. Bi Chupa aliwaandikia wadhamini wanaolipia upimaji barua ya ukurasa mmoja na kuyaita kosa la mpimaji. Wadhamini walijibu mwezi Aprili: upimaji utafungwa mwisho wa Juni, nafasi yake haitajazwa, na kwa kuwa mpimaji hakugundua upungufu wa matone yake kwa miaka miwili, kumbukumbu zake zote za miaka thelathini na moja zitawekewa alama ya shaka.

Mpimaji hakukosea. Mirija ya zamani iliisha wiki ile ile mashine ilipoharibika, ikaletwa mingine ya kioo vilevile, yenye mdomo mwembamba zaidi. Niliimimina ndani ya boksi la zamani kwa sababu nilijua mizani na maswali yake, na siku hiyo sikuwa na hamu navyo. Nilijiambia tone ni tone. Alipokuja stoo mwezi Februari alilipekua boksi lile mpaka chini, akanitazama, akasema, "Ungeniambia tu." Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Nami nikanyamaza, nikamwacha atie sahihi barua ile.

Nakala ya ukurasa huu nimeipeleka kwa mkurugenzi na kwa wadhamini. Wote wamejibu kwamba wamenielewa, na kwamba uamuzi haubadiliki. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema kweli ikamfikia kila anayehusika na isisaidie kitu.

Sherehe ni Ijumaa saa sita mchana, ambayo ni saa ya kuchota. Niliomba isogezwe nusu saa ili achote maji ya mwisho, nikaambiwa mgeni rasmi ana safari. Tutakula keki.

Dada yangu, wafanyakazi wenzako wanakushukuru, nao wanakuombea afya, usingizi wa kutosha, na siku ndefu za kukaa na shemeji bila kutazama saa. Nami nakuombea hayo hayo. Heri uliyostahili kuondoka nayo hapa, mimi ndiye niliyekunyima, na sina pa kwenda kuichukua nikurudishie.