Mzee Elkana Tuddenby na Jina Alilotuachia

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa wa Tuddenby mliotoka Changamwe, Rabai, Jomvu, Utange na Voi, na majirani zetu wa Junda na Mtopanga, ahsanteni kwa kuja kutusindikizia mzee wetu. Kazi hii ya kusoma maisha yake ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, Masha, lakini amesema sauti yake haitafika mwisho. Basi nimepewa mimi, Florence, mwanawe wa tatu. Nimezoea kuwasomea watoto wa darasa la pili, kwa hiyo mtanivumilia nikienda polepole.

Mzee Elkana Tuddenby alizaliwa hapa Kisauni, katika nyumba za misheni, siku ya Jumapili tarehe 14 Machi 1886. Alikuwa mtoto wa pekee wa Yohana Tuddenby na mkewe Marta. Yohana aliletwa Mombasa mwaka 1876 na manowari ya Kiingereza iliyomtoa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Alijua kuwa yeye ni Myao, na alikumbuka mto, lakini jina la baba yake hakulikumbuka, au alisema halikumbuki. Siku ya ubatizo alipewa majina mawili kwa pamoja, Yohana na Tuddenby. Hili la pili lilikuwa la Kiingereza, na hapa Pwani hakuna aliyejua limetoka wapi.

Marehemu alisoma katika shule ya misheni kuanzia 1893 hadi 1900. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na hakuweza kuvumilia vitu kuchanganyika. Sisi wanawe tulimcheka kwa hilo. Nyumbani alipanga hata ndimu, mbichi upande huu na mbivu upande ule, na mama akizichanganya makusudi, mzee alizipanga tena bila kusema neno.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Tarehe 2 Mei 1904 aliajiriwa posta ya Mombasa, kitengo cha kupanga barua, na huko alikaa miaka thelathini na saba. Miaka mingi alivuka maji kila alfajiri kwenda kisiwani, na daraja lilipojengwa akanunua baiskeli. Mwenzake wa kazi, Bwana Odhiambo, aliyepo nasi leo, anasema marehemu aliweza kujua barua inakwenda Rabai kabla hajasoma anwani, kwa kutazama mwandiko tu. Mikononi mwake yalipita majina ya Waingereza wa kila namna. Lakini katika miaka yote hiyo hakuona hata barua moja kutoka Ulaya yenye jina la Tuddenby. Jambo hilo lilimsumbua kuliko alivyokubali kusema.

Jina hilo lilianza kumsumbua wakati wa kuoa. Mwaka 1909 alikwenda Rabai kumposa mama yetu, Nyamvula binti Mwarandu, ambaye baadaye alibatizwa Selpher. Babu Mwarandu alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za kazi, kisha akamwuliza yeye ni wa mbari gani. Baba akajibu kuwa wao ni Tuddenby. Babu akauliza mbari hiyo iko wapi, na wazee wake ni akina nani, na wanazikana wapi. Binti alipewa, maana babu alikuwa mtu mwema, lakini baba alituambia mara nyingi kwamba siku ile alitamani ardhi ipasuke. Na jirani yetu Bwana Hadi Aidarus aliweza kutaja babu zake kumi na wanne mpaka Hadhramaut bila kuvuta pumzi. Baba alikuwa anaweza kumtaja mmoja tu, Yohana.

Basi akajitengenezea mbari. Aliwatafuta watu wote waliopewa jina hilo hapa misheni, na watoto waliowazaa. Wa kwanza walikuwa kumi na watatu, waliobatizwa kati ya 1876 na 1884. Jumapili ya kwanza ya Januari 1910 aliwakusanya nyumbani kwake, wao au watoto wao, wakala pamoja na wakapatana mambo mawili. Tuddenby akifa, kaburi lake litachimbwa na Tuddenby, na jeneza litabebwa na Tuddenby. Na Tuddenby hatamwoa Tuddenby, kwa kuwa ni ndugu. Baba aliamini kwa moyo wake wote kwamba wamisheni waliwapa jina moja watoto waliotoka kijiji kimoja. Wakubwa waliokuwa hai hawakumbishia. Walifika wadogo mno, wengine hata lugha yao waliisahau, na nadhani kuambiwa una ndugu kumi na wawili si habari ya kukataa.

Tangu hapo kila Januari tulikusanyika. Hapa leo hakuna Tuddenby ambaye mzazi wake amezikwa na watu wa kukodi, na hiyo ni kazi ya baba. Mwaka 1942 aliandika kwenye daftari lake mahali tulipo: Kisauni kumi na tisa, Changamwe wanane, Rabai saba, Jomvu watatu, Voi wawili, Utange wawili. Jumla watu arobaini na mmoja.

Sasa nafika mahali ambapo Masha alisema niruke. Sitaruka.

Katika mikutano hiyo ya Januari nilijuana na Nguma Tuddenby wa Changamwe, fundi wa reli. Wote mnamjua, yuko pale. Tarehe 15 Novemba 1941 alituma washenga nyumbani kwetu kuniposa. Baba alidhani wanafanya mzaha. Alipoona hawacheki, aliwauliza: "Mmekuja kumposea mtu dada yake?" Wakaondoka na chai haijapoa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nililia, sikuona haya. Nilimwambia baba kuwa hatujui kama Yohana na Ibrahimu, babu yake Nguma, walikuwa ndugu kweli. Baba alikuwa mtu wa haki. Alisema vema, tutauliza kwa wenye jina kwa nini watoto wale walipewa jina moja, na wakisema si damu moja, yeye mwenyewe atakwenda Changamwe kumwita kijana. Alikuwa ameshastaafu. Akakaa mezani akaandika Uingereza, kwa mchungaji mmoja wa mashariki ya nchi hiyo ambaye mmisheni mzee alimpa anwani yake. Nguma akakubali kungoja. Mimi pia nikakubali, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine.

Vita ilikuwa imeshika bahari. Barua ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Aliandika nne kwa jumla. Kila Jumamosi nilimwuliza, na kila Jumamosi alinijibu kuwa bado, mpaka nikachoka kuuliza. Tarehe 7 Septemba 1946 Nguma alimwoa Agneta, binti mwema wa Jomvu. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa amengoja karibu miaka mitano, na mama yake alikuwa mgonjwa. Baba alikuwa mzee wa harusi. Mimi nilipika pilau.

Marehemu alianza kuugua Februari mwaka huu wa 1948. Miguu ilivimba, kisha pumzi ikawa fupi, hata hakuweza kulala ila kwa kukaa. Tulimpeleka hospitali mara mbili. Mara ya pili daktari alituambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Tulimpepea, tulimkanda miguu, tulifanya kila tulichoambiwa, na kila juma alikuwa mdogo zaidi kitandani. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyeweza kufanya lolote.

Jumapili tarehe 3 Oktoba, baada ya ibada, aliniita.

"Florence."

"Abee, baba."

Alinipa bahasha. Nilitazama muhuri kama alivyotufundisha tangu utoto, na muhuri ulisema imefika Mombasa tarehe 26 Machi 1946. Miezi mitano na zaidi kabla ya harusi ya Nguma.

Nitawaeleza yaliyomo, kwa sababu ni yenu pia. Mchungaji yule ameandika kwamba jina la Tuddenby halikuwahi kuenea. Lilikuwa la parokia tatu tu, kando ya mabwawa ya pwani ya mashariki. Watu wa huko husema lilitokana na shamba lililomezwa na bahari zamani, ila yeye hana hakika. Katika hesabu ya watu ya 1841 walikuwapo thelathini na wanne. Mwaka 1881 walibaki tisa. Wavulana walikwenda mijini na migodini, wengine walikufa bila watoto. Wa mwisho alikuwa Bi Harriet Tuddenby, ambaye hakuolewa, na alizikwa 1913 akiwa na miaka themanini na minne.

Bi Harriet huyo ndiye aliyetoa urithi wa baba yake kulisha na kusomesha watoto kumi na watatu wa misheni yetu. Aliomba jambo moja tu, kwamba kila mmoja apewe jina lake, maana lilimuuma kuona linakufa naye. Orodha ya watoto hao ilikuwa bado kwenye sanduku la kanisa lao, na mchungaji ameinakili yote. Yohana, Myao, meli ya 1876. Ibrahimu, Mmakua, meli ya 1883, aliyechukuliwa mbali sana na kwao Yohana. Na wale kumi na mmoja hivyo hivyo, kila mmoja na meli yake na kabila lake. Hakuna wawili waliotoka mji mmoja. Mwisho wa barua ameandika kwamba Uingereza jina hili halina mtu tena, na kama lipo mahali popote duniani, basi liko kwetu.

Nilisoma mara mbili. Kisha nilimtazama baba yangu, na yeye alikuwa akitazama ukuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Kumbe yeye aliambiwa siku chache kabla, na ndiye aliyemwambia baba kuwa hatakufa na barua ile chini ya mto wake.

Baba alisema, "Mwanangu, ningeitoa, Tuddenby wangekwisha. Kila mtu angekwenda zake. Nani angetuzika?"

Akaniambia niichome barua. Halafu akauliza, "Umenisamehe?"

Nikamwambia, "Kunywa maji, baba."

Nilimshikia kikombe akanywa. Hakuuliza tena siku ile. Siku zilizofuata aliuliza kwa macho, nami nilijishughulisha na shuka na uji. Nilikuwa na hasira, na niseme kweli, bado ninayo. Lakini nilikusudia kumjibu. Nilijiambia hasira ikipungua kidogo nitamjibu, na kwamba wakati upo. Jumanne tarehe 9 Novemba 1948, saa moja na nusu asubuhi, niliingia na uji nikamkuta ametulia. Umri wake ulikuwa miaka sitini na miwili na karibu miezi minane. Nilimwita mara nyingi, kama vile mtu akiitwa sana atarudi kuchukua jibu lake.

Barua sikuichoma. Jana, wakati wa kuchimba kaburi, niliwasomea Tuddenby wote waliokuwapo. Niliona si haki watu wachimbe kwa ajili ya damu isiyokuwapo. Wawili wa Rabai waliweka majembe chini, wakampa mama yetu mkono, wakaenda zao, na siwalaumu. Wengine waliendelea kuchimba. Sijui kama walichimba kwa sababu bado ni ndugu, au kwa sababu kaburi lilikuwa limefika kiunoni. Sijui kama Januari mtakuja. Baba angetaka niwaombe mje, na mimi sina nguvu ya kuwaomba, wala sina nguvu ya kuwaambia msije.

Kwa Agneta nilikwenda kabla ya wote, nisije nikamvunjia heshima mbele ya watu. Nilimwambia yote, na kwamba akikataa sitasoma. Alikuwa akimnyonyesha mtoto. Alifikiri, akasema, "Soma, wifi."

Marehemu ameacha mjane, Selpher Nyamvula. Ameacha watoto watatu: Masha, Mapenzi na mimi, Florence, ambaye sikuolewa. Ameacha wajukuu saba, na jamaa wa jina lake ambao mpaka jana, kwa hesabu ya daftari lake, walikuwa arobaini na mmoja. Miongoni mwao ni Nguma Tuddenby wa Changamwe. Kwa desturi aliyoiweka baba yetu, Nguma ni kaka yangu, na zamu ya mbele ya jeneza ni yake. Kaka Nguma, simama na wenzako mumnyanyue baba.

Baba, pumzika. Jibu lako bado ninalo mimi.