Povu Lililobaki kwenye Kichujio

Umewahi kuchuja povu, wewe? Usijibu haraka. Mwaka ule gugumaji lilipofunga gati ya Homa Bay, daktari wa moyo alikuja hospitali ya misheni na mashine ya picha, siku mbili tu. Alikuja pia na maji maalumu. Ukiyatikisa kwenye chupa yanajaa viputo vidogo sana. Ukimdunga mtu mkononi, viputo vinafika moyoni na kung'aa kwenye kioo cha mashine, na kama moyo una tundu, linaonekana. Kwa mgonjwa wetu, Roseline, hakikung'aa kitu. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye benchi la Mellen, muuza kahawa, ng'ambo ya geti la hospitali, tukinywa kahawa ya maziwa kwa hasira. Daktari alikuwa anaondoka saa sita. Kulikuwa na Obare, mume wa Roseline, fundi wa redio tuliyemwita Waya. Okari, aliyechimba dhahabu Macalder miaka kumi akarudi na jina hilo bila dhahabu. Ondieki, tuliyemwita Sindano kwa sababu ndiye hutayarisha dawa za kudunga huko ndani. Na mimi, mwalimu wa kemia.

WAYA: Huu ni mwezi wa tano mke wangu hapandi ngazi ya kanisa bila kukaa chini. Tumengoja hiyo mashine tangu Krismasi. Halafu kwa faili wameandika nini? Ati "mgonjwa hakutulia". Roseline! Alilala pale kama ubao!

MACALDER: Pole, omera, ndugu yangu. Lakini wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

MELLEN: Sasa tembo imeingia wapi hapa?

MACALDER: Si kuna maji?

SINDANO: Haya mambo ni ya kitaalamu, jamani. Tuwaachie wenyewe. Kuna mambo ya osmosisi.

MIMI: Osmosisi naifundisha kidato cha kwanza, Sindano. Haijawahi kula povu.

WAYA: Mimi nasema ni stima. Jenereta ya misheni ikichoka, hata redio inakohoa. Itakuwa moyo?

MIMI: Moyo ulionekana, Waya. Ulikuwa unapiga kwenye kioo, uliniambia mwenyewe. Kilichokosekana ni viputo.

MACALDER: Basi ni gugumaji. Limefunika ziwa lote, linanyonya hewa. Samaki wenyewe wanakufa kwa kukosa pumzi, sembuse kiputo?

MELLEN: Kiputo kiko ndani ya chupa, Macalder. Chupa ina kifuniko.

MACALDER: Na samaki ako ndani ya maji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

WAYA: Ama waliuza! Chupa ya ukweli imeshavuka Isebania, sisi tukapewa maji ya mfereji.

MELLEN: Povu ivuke mpaka? Watu wa forodha waipime na debe ama na kikombe?

Sindano alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Nikamtazama.

MIMI: Hebu tuambie wewe. Hayo maji mnayatayarishaje?

SINDANO: Kwa usafi, Mwalimu. Lazima yapite kwenye kichujio chenye matundu madogo, hata bakteria hapiti. Ama unataka tudunge mtu uchafu kwa damu?

MIMI: Hapo sina ubishi.

Roseline alikuwa ametoka getini. Hatua arobaini kuvuka barabara, na alisimama mara tatu. Waya alimpisha nafasi, Mellen akamsogezea kikombe. Hakukigusa.

ROSELINE: Ondieki, shemeji yangu. Jana nikiwa kwa korido nilikuona ukitikisa ile chupa. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Kwa ile chumba ya giza, sista akaleta sindano karibu na taa ndogo kutafuta mshipa. Ndani ilikuwa maji matupu. Hiyo nyeupe ilibaki wapi?

Gugumaji halikutajwa tena, wala jenereta. Mellen, aliyekuwa akichuja kahawa, aliinua chujio lake akalitazama. Kahawa yote ilikuwa imeshuka sufuriani. Povu lilikuwa limekalia matundu, viputo vyake vikipasuka kimoja kimoja.

MACALDER: Kwa mgodi tulikuwa tunachekecha mchanga. Kitu kubwa haipiti tundu ndogo.

Ndilo neno pekee la maana alilosema mwaka mzima.

MIMI: Na kiputo ni kikubwa kuliko bakteria, Sindano. Kichujio kinachomzuia mdudu kitakipitishaje? Unachuja maji kwanza, unayafunga kwenye chupa safi, ndipo unatikisa. Karatasi ya maagizo ya daktari ilisemaje?

SINDANO: Ilikuwa ya Kizungu.

MIMI: Kizungu unasoma.

WAYA: Ondieki...

SINDANO: Miaka kumi na tisa, Waya! Kila sindano nimeishika hivi, nimeigonga na kidole mpaka hewa itoke. Hewa kwa damu inaua, ndivyo tulifundishwa. Nikaona chupa imejaa povu. Povu, ya kudunga mtu! Mkono ukakataa.

ROSELINE: Na hiyo ya kutotulia, pia ni mkono uliandika?

Ng'ambo, dereva alikuwa anafunga mashine kwa kamba nyuma ya Land Rover. Daktari alikuwa tayari ameshika mlango. Ilikuwa saa nne na nusu tu; saa sita hakuingoja.

SINDANO: Shemeji, niliogopa. Nitaongea na yeye polepole, akirudi mwezi wa...

ROSELINE: Mimi sina hiyo miezi. Sema sasa. Sema mpaka asikie.

Sindano alisimama. Kikombe kilianguka, kahawa ikamwagikia viatu vyake vyeupe vya kazi. Alikwenda mpaka ukingoni mwa barabara, akaweka mikono miwili mdomoni.

SINDANO: Daktari! Daktari, ngoja! Nilitikisa kwanza, halafu ndio nikachuja! Ni mimi! Huyu mama alitulia!