Mstari Mwekundu wa Dada Mizani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, asije akaniunguzia chakula halafu lawama zije kwangu. Leo tunamkumbuka muuguzi wa watoto aliyetutoka wiki iliyopita. Kazini walimwita Dada Mizani. Alipima watoto miaka thelathini na mmoja. Naam, thelathini na mmoja.

Alikuwa na mdomo, huyo! Baba akileta mtoto, anapandishwa mizani yeye kwanza. "Shemeji, mtoto kapungua, wewe umeongezeka. Uji wake anakunywa nani?" Benchi zima hoi kwa kicheko.

Lakini aliacha wasia. Alimwambia binti yake, "Wakinitaja redioni, wasinipake mafuta. Waseme na habari ya kadi." Basi tunasema.

Ng'ambo ya ua wa kliniki yake palikuwa na dirisha. Hapo kina mama waliokuwa wakiacha unga, yaani dawa za kulevya, walikunywa dawa yao ya tiba kila asubuhi, mbele ya mtoa dawa. Dada Mizani ndiye aliyeanza kupiga mstari mwekundu kwenye kadi za watoto wao. Nia ilikuwa njema: watoto hao waangaliwe zaidi. Kidogo kidogo, mstari mwekundu ukawa na maana nyingine. Mwenye mstari, mwisho wa foleni. Hakuna aliyeamuru. Na yeye hakukataza.

Asubuhi moja, miaka kumi na tisa iliyopita, mama mmoja alitoka dirishani, macho mazito kwa dawa, na mtoto wa miezi minane.

"Dada, mwanangu ana homa. Amelegea, hanyonyi."

Dada Mizani akatazama kadi. Hakumtazama mtoto. Akatazama kadi.

"Mama anasinzia, mtoto anasinzia. Ukoo wa usingizi huo! Kaa nyuma, mama."

Watu wakacheka. Yule mama akaenda kukaa nyuma. Akakaa saa mbili.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Daktari alipomshika mtoto, shingo ilikuwa imekakamaa. Homa ya uti wa mgongo.

"Nani amemweka huyu mwisho?"

Dada Mizani akajibu, "Kadi yake ina mstari."

"Nimeuliza nani."

Akaiweka kadi mezani. "Mimi."

Mtoto alipona. Sikio la kushoto halikusikia tena.

"Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu hapakuwa na kalamu nyekundu," anasema binti yake. "Niliwahi kuleta moja ya shule. Mama aliifunga kwenye gazeti, akaenda kuitupa mbali, kama mtu anayetupa nyoka."

Alikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili alimwagiwa maji ya vyombo, akarudi kaloa, bila mzaha wowote. Mara ya tatu yule mama alimsikiliza, akasema, "Sijakusamehe. Lakini nawahi dirishani. Nishikie mtoto."

Akamshika. Kesho yake alibeba mizani mwenyewe, akavuka nayo ua, akaiweka kando ya lile dirisha. Mama akinywa dawa, mtoto anapimwa, hakuna foleni mbili. Na kila muuguzi mgeni, siku yake ya kwanza, alisimuliwa habari ya kadi. Wengi walicheka walipofika kwenye "ukoo wa usingizi". Aliwaacha wacheke. Kisha akawamalizia.

Mazikoni alikuja binti mmoja, fundi cherehani, na mama yake. Tulimuuliza mama, je, ulimsamehe? Akasema, "Hakuniuliza tena. Alikuja tu. Na kila akija, alikaa kulia kwa mwanangu, ili asikike."

Kwa binti wa marehemu, ndugu na wauguzi wenzake: poleni sana.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tusijifanye hatumo. Siku ile benchi lilijaa watu, na sauti iliyocheka haikuwa ya mtu mmoja. Ukiwa umekaa mbele kwenye foleni, geuka. Mtazame aliye nyuma.