Aliyezuia Nanga Ising'olewe: Velda Skeete Anastaafu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Uhuru wa kisiwa chetu, Velda Skeete anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwa mpishi wa katamarani yetu, Esmeralda, mashua ya kuwapeleka watalii kuogelea na kasa. Mimi, Hallam Yearwood, nimekuwa nahodha wake kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo, kama kweli yupo aliyewahi kuwa nahodha wa Velda.

Aliajiriwa mwaka 1994 akitokea jikoni katika shule moja ya Speightstown, na alisahau kuieleza ofisi kwamba hajui kuogelea. Jambo hilo lilijulikana wiki ya tatu, alipoteleza ngazini na aproni yake na kuopolewa na abiria aliyekuja kutazama kasa. Velda alimwongezea abiria huyo samaki, na kuanzia kesho yake akawa anashuka majini kila alasiri baada ya kuosha vyombo, mpaka akaweza. Siku hizi anatuacha nyuma wengi wetu, na hachoki kutukumbusha.

Makaroni yake ya kuoka yamewafanya watu wa Bridgetown wenyewe walipe nauli ya watalii. Pombe ya ramu nayo ina sheria yake: haimiminwi mpaka mwogeleaji wa mwisho atoke majini. Kuna kundi la marafiki wa bwana harusi lililombembeleza saa nzima, yeye amekalia sanduku la barafu na mikono ameikunja.

"Mmekuja kumwozesha rafiki yenu au kumzika?" aliwauliza. Mpaka leo wanamletea kadi kila Krismasi.

Tena, hakuna anayepanda Esmeralda bila kupokea kababu ya moto ya samaki wa chumvi kutoka mkononi mwake. "Umeamkaje, kipenzi? Na pilipili au bila?" Anamtazama mtu usoni, anasubiri jibu. Sisi tulidhani ni ukarimu tu.

Jumamosi moja ya Aprili 2008 tulikuwa na abiria ishirini na sita. Tulitia nanga penye kasa, na vyombo vingine viwili vilikuwa karibu yetu. Watu waliogelea, wakarudi, nikahesabu vichwa: ishirini na sita. Nikahesabu tena, ishirini na sita. Nikawasha injini, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa na upepo ulikuwa mzuri.

Velda alikuwa anapakua chakula. Akafika bwana mmoja mwekundu kwa jua, miwani ya kupigia mbizi ikiwa bado kwenye paji la uso, akanyoosha sahani.

"Asubuhi kababu yako ilikuwa na pilipili au bila?" Velda akamuuliza.

"Kababu gani, mama?"

Velda akaweka mwiko chini, akaja moja kwa moja kwenye usukani. "Hallam, zima injini. Yule bwana si wetu. Amekosea ngazi."

"Abiria wametimia, Velda. Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu vichwa."

Hapo nikasema neno ambalo natamani ningelimeza. "Basi tumepata mmoja wa bure."

"Hujapata kitu. Umebadilishiwa. Wetu yuko wapi?"

Nilimwambia arudi kwenye sufuria zake. Badala yake alikwenda mbele, akakaa juu ya mashine ya kuvutia nanga, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani kwamba nikitaka kuondoka nianze kumwondoa yeye. Sikuthubutu. Nilizima injini.

"Ni mzee wa kofia ya kitambaa," akasema. "Kasafiri peke yake. Bila pilipili."

Tulishusha mtumbwi wa mpira. Tulimkuta Bwana Critchlow, mwalimu mstaafu kutoka Guyana, mbali zaidi ya mita mia mbili, mkondo umemchukua na msuli wa mguu umemkaza. Alikuwa amekumbatia boya la dema, mtego wa samaki wa mvuvi, kwa mikono yote miwili, na sauti imemkauka kwa kutuita. Tungeondoka, hakuna ambaye angeuliza habari zake mpaka jioni. Velda alimfunika kwa kitambaa cha meza, akamlisha wali wa mbaazi kwa kijiko, akamhakikishia kwamba pilipili hamna. Yule bwana mwekundu tulimrudisha kwenye chombo chake, ambako nao walikuwa hawajui kwamba wamepungukiwa.

Tangu siku hiyo Esmeralda haihesabu vichwa. Kila abiria anaitwa kwa jina na kuitika kwa mdomo wake, na vyombo vingi vya pwani yetu vimeiga. Miaka kumi na saba imepita na hatujamwacha mtu majini. Huo ni ushindi wa Velda, na ni mkubwa kuliko kikombe chochote kilichomo kabatini mwa ofisi.

Ukutani mwa ofisi hiyo kuna cheti cha usalama wa baharini cha mwaka 2008. Kinasema nahodha Yearwood aligundua kosa la hesabu na kuokoa maisha. Ripoti niliiandika mimi, na aya iliyomhusu Velda niliiacha nje kwa sababu niliona aibu. Velda amepita chini ya cheti hicho kila asubuhi akienda kuchukua funguo za jiko.

Jumatatu nilikwenda kwa mkurugenzi wa kampuni yetu nikamweleza yote. Cheti kimeandikwa upya na kitasomwa Ijumaa mbele ya wote, kikiwa na jina moja tu. Velda, siku ile wewe ulikuwa sahihi nami nilikuwa nimekosea, na kwa miaka yote hii nimekula sifa yako. Nisamehe.

Asante kwa kila uliyemrudisha nyumbani. Kapumzike kwa afya na furaha, ule vilivyopikwa na wengine, na ukikuta makaroni hayajaiva, tafadhali usiinuke.